Kabureta au injekta kwa gari la zamani: mwongozo kamili wa kuamua, hatua kwa hatua

Gari la zamani likigoma kuwaka asubuhi, mshtakiwa wa kwanza ni kabureta, hata plagi hazijafunguliwa. Mwenye gari ameshasikia kwamba siku hizi kuna injekta, yaani vifaa vinavyopuliza petroli kwa presha, zinazokaa palepale ilipokuwa kabureta na kujirekebisha zenyewe, basi anaanza kuzitamani. Mafundi wakongwe wana utani wao: kabureta nyingi hupona ukibadilisha platini, yaani vigusio vinavyokatiza umeme wa koili ili plagi zitoe cheche. Utani huo una ukweli ndani yake, ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye injini uliyonayo kabla ya kugusa kifaa chochote kipya.

Niseme mapema ninakoegemea. Gari la kutembelea mara mojamoja, lenye kabureta yake ya kiwandani isiyochakaa, liache na kabureta yake. Gari linalofanya kazi kila siku, linalopanda milima na kushuka, au ambalo spea za kabureta yake zimeadimika, lina hoja ya kupewa injekta. Ila ujue kwamba ukinunua injekta unanunua pia tenki, paipu, alteneta na waya. Kile kifaa kinachokuja kwenye boksi ndicho sehemu nyepesi ya kazi yote.

Kila kimoja kinafanyaje kazi

Kabureta inaendeshwa na hewa yenyewe. Hewa inayovutwa na pistoni ikipita kwenye koo jembamba huongeza kasi na presha yake hushuka, na petroli iliyo kwenye bakuli inapanda kupitia jeti, kipande chenye tundu dogo lililopimwa, na kuchanganyika nayo. Tundu la jeti halibadiliki. Jeti kuu ya kabureta ya Weber yenye namba 135 ina tundu la milimita 1.35, na litabaki hivyo kwenye joto, kwenye baridi na juu ya mlima. Kabureta za aina ya SU hufanya ujanja mwingine: pistoni yake hupanda na kushuka ikivuta sindano yenye ncha nyembamba ndani ya jeti, hivyo tundu hukua kadiri injini inavyotaka.

Injekta za kisasa zinaongozwa na kompyuta. Sensa zinaiambia joto la injini, presha ndani ya manifoldi (bomba linalopeleka hewa kwenye silinda), kipepeo (kibati kinachofungua njia ya hewa ukikanyaga pedali) kimefunguka kiasi gani na eksozi ina oksijeni kiasi gani, nayo inaamua injekta ikae wazi kwa milisekunde ngapi. Zote mbili zinatafuta uwiano uleule: gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli ili iungue yote, na 12.5 hadi 13 hivi unapotaka nguvu zote.

Injekta si kitu cha juzi. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilikuwa na injekta za kimakanika za Bosch zilizopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, Corvette ilipata za Rochester mwaka 1957, na Volkswagen 1600 ilipokea mfumo wa kielektroniki wa Bosch D-Jetronic mwaka 1967. Kwa hiyo huwezi kusema tu kwamba "gari la kale lazima liwe na kabureta". Inategemea ni gari gani.

Hatua ya 1: hakikisha mgonjwa ni kabureta

Hapa usiwe na haraka. Pesa nyingi hupotelea kwa kuiruka hatua hii.

Pima kompresheni ya kila silinda injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya asilimia 10 hivi, simama hapo hapo. Valvu isiyofunga vizuri haitaponywa na kompyuta. Kisha weka tapeti (nafasi ya valvu) sawa, badilisha platini na kondensa, halafu pima taimingi, yaani wakati cheche inapotoka, kwa taa yake. Shika mhimili wa distribyuta, kile kifaa kinachogawa umeme kwa plagi, na uutikise pembeni. Mhimili ukicheza, taimingi itakuwa inarukaruka na utaitafuta kwenye kabureta bila kuipata.

Baada ya hapo tafuta hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma. Unganisha geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa injini, kwenye manifoldi. Injini nzima ya kawaida, ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila mguu kwenye pedali, husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa karibu na usawa wa bahari, na hupungua inchi moja hivi kwa kila mita 300 unazopanda. Mshale ukikaa chini na kutulia, shuku hewa inayovuja au taimingi iliyochelewa. Ukitetemeka kwa mpigo mmoja unaojirudia, shuku valvu.

Sasa chukua chupa ya kupulizia maji. Watu wengi hutumia spreya ya kusafishia kabureta, lakini hiyo inawaka moto, na maji yanafanya kazi ileile. Puliza kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi, kwenye gasketi ya chini ya kabureta, halafu pale mhimili wa kipepeo unapotokea nje ya mwili wa kabureta, kila upande. Sikiliza. Mlio wa injini ukibadilika ghafla, umelipata tundu. Mhimili uliochakaa ndio ugonjwa mkubwa wa kabureta kongwe: hewa inapenya pembeni, sailensa inakataa kutulia, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo. Dawa yake ni kupeleka kabureta ikatobolewe na kuwekewa bushi mpya.

Mimi mwenyewe niliwahi kuifungua kabureta moja mara tatu kwa wiki moja. Niliosha, nikabadilisha gasketi, nikahesabu mizunguko ya skrubu kama anayehesabu tasbihi. Tatizo lilikuwa mpira wa servo ya breki (kisaidizi cha breki kinachotumia mvuto wa injini), uliopasuka upande wa chini usioonekana, na nilikuja kuugundua usiku kulipokuwa kimya kwa kusikia kama mtu anavuta pumzi karibu na ukuta wa injini. Tangu siku hiyo naanza na mipira.

Mwisho wa hatua hii, fungua bakuli la kabureta na utazame kwenye mwanga wa jua kabla ya kufuta chochote. Vumbi la kahawia ni kutu ya tenki. Ukoko mweupe ni maji yaliyokaa muda mrefu. Utando wa njano unaonata kama gundi ni petroli iliyoozea humo gari likiwa limeegeshwa. Kila kimoja kati ya hivi kitaua injekta haraka kuliko kilivyoua kabureta, kwa sababu tundu za injekta ni ndogo zaidi. Kwa hiyo hata kama uamuzi wako utakuwa injekta, ulichokiona kwenye bakuli ni kazi inayokusubiri kwenye tenki.

Pima pia presha ya petroli. Kabureta za SU na Weber zinataka bar 0.2 hivi tu, za Holley 0.35 hadi 0.5. Mtu aliyefunga pampu ya umeme yenye nguvu "ili gari lisikose mafuta" huwa anaizidi nguvu sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa, petroli inafurika, halafu kabureta inatukanwa bure.

Hatua ya 2: liangalie gari linavyotumika

Chukua karatasi uandike ukweli, si ndoto. Linatembea mara ngapi? Safari ndefu au za kuzunguka mtaani? Linapanda kiasi gani?

Mwinuko una uzito wake. Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko pwani. Kabureta iliyopangwa chini itaanza kumwaga petroli nyingi mno kwa hewa inayoingia: moshi mweusi, plagi nyeusi, nguvu kidogo. Ukiishi kwenye mwinuko mmoja, unabadilisha jeti mara moja na mambo yanaisha. Ukipanda na kushuka kila wiki, injekta itakupumzisha.

Joto ni hoja nyingine. Ukizima injini ya moto kwa dakika kumi, joto lake linapanda na kuchemsha petroli kwenye bakuli. Ukirudi, injini inazunguka bila kuwaka. Injekta hazisumbuliwi sana na hilo kwa sababu petroli iko kwenye presha ya bar 3 au 4 na mara nyingi inazunguka kurudi tenki. Ila jaribu kwanza kuweka kipande cha kuzuia joto kati ya kabureta na manifoldi, na kuuhamisha mpira wa petroli uliolala juu ya eksozi. Mara nyingi kazi inaishia hapo.

Usitegemee maajabu kwenye unywaji wa mafuta. Kabureta nzuri iliyopangwa vizuri haiko mbali na injekta kwenye barabara kuu. Injekta zinashinda asubuhi ya baridi, kwenye foleni na kwenye mwinuko unaobadilika.

Hatua ya 3: asili ya gari

Gari likitoka kiwandani na kabureta mbili za SU, atakayelinunua kesho atainua boneti kuzitafuta. Mashindano mengi ya magari ya kihistoria pia hudai vifaa vya enzi ya gari. Kama asili ina thamani kwako, uamuzi umeshafanyika.

Kuna upande wa pili unaosahaulika. Magari yaliyozaliwa na injekta za kimakanika, kama Triumph TR6 yenye mfumo wa Lucas au yale ya Bosch K-Jetronic, mengi yaliwahi kung'olewa na kuwekewa kabureta kwa sababu tu hapakuwa na fundi mwenye geji sahihi. K-Jetronic inafanya kazi kwenye presha ya bar 5 hivi, na nyingi "zilizokufa" zina pampu iliyochoka, kichujio kilichoziba au hewa inayoingia kwenye mipira. Kabla ya kuung'oa mfumo wa namna hiyo, mtafute mtu atakayeupima presha.

Hatua ya 4: hesabu umeme

Chukua kalamu tena. Pampu ya injekta peke yake hula ampea 6 hadi 10. Ongeza kompyuta, injekta, kipasha joto cha sensa ya oksijeni, na mara nyingi feni ya umeme. Taa mbili kubwa za wati 55 ni ampea 9 nyingine. Sasa tazama kinachochaji: dainamo kama Lucas C40 ya magari ya Kiingereza ya miaka ya 1960 hutoa ampea 22 kwa ukomo wake, na gari likiwa sailensa inatoa karibu na sifuri. Gari la kabureta linavumilia hilo. Pampu yake mara nyingi inazungushwa na injini na koili inakula kidogo. Gari la injekta kwenye foleni ya usiku, wipa zinafanya kazi, litazimika.

Kwa hiyo injekta maana yake ni alteneta. Mfumo wa volti 6 ubadilishwe kuwa 12. Gari lenye chanya kwenye bodi ligeuzwe liwe na hasi kwenye bodi, na hilo linagusa redio, geji ya mizunguko na nyaya za koili.

Halafu kuna kelele za umeme. Waya za plagi za shaba tupu hutoa mawimbi yanayochanganya kompyuta. Gari linamisi, yaani silinda inakosa kuwaka, bila sababu na mtu analaumu injekta. Tumia waya za plagi zenye ukinzani. Waya mkuu wa kompyuta uende moja kwa moja kwenye betri, si kwenye fyuzi iliyo karibu, na usiupitishe sambamba na waya za plagi.

Hatua ya 5: tenki na njia ya petroli

Tenki la kabureta halina vyumba ndani. Ukikata kona na petroli ikiwa robo, mafuta yanakimbilia upande mmoja na mdomo wa paipu unavuta hewa. Kabureta haitambui, bakuli lake limejaa. Injekta zinatambua papo hapo, na injini inakatika katikati ya kona. Suluhisho ni pampu ya ndani ya tenki yenye kikombe chake, au tenki dogo la akiba mbele yake. Pampu ya nje ni rahisi kufunga, lakini iwe chini ya usawa wa petroli: pampu hizi zinasukuma kwa nguvu na kuvuta kwa udhaifu, na ile inayovuta kwa shida inapiga kelele kama nyuki na kufa mapema.

Mipira yote ibadilishwe. Mpira wa kabureta umetengenezwa kwa presha ndogo. Ukiuwekea bar 4 utapasuka juu ya eksozi. Tafuta wenye alama ya SAE 30R9, na klipu za kukumbatia zisizo na meno, kwa sababu zile za kawaida zenye matundu hukata mpira. Weka kichujio kikubwa kabla ya pampu na chembamba, cha maikroni 10, baada yake. Ikiwa mfumo unataka paipu ya kurudisha, irudi kwenye tenki, na tundu la kupumulia la tenki liwe wazi.

Pampu ya zamani iliyo kwenye injini iondolewe, na tundu lake lizibwe kwa kibati na gasketi. Pampu mpya ipitie rilei (swichi ya umeme) inayozimwa na kompyuta injini ikisimama, pamoja na swichi inayokata umeme gari likigongwa. Kizimamoto kiwe ndani ya gari tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 6: chagua aina

Ukifika hapa na bado unataka injekta, kuna njia tatu. Ya kwanza ni ya kukaa mahali pa kabureta, kama Holley Sniper au FiTech: injekta ziko juu, manifoldi ni ileile. Ni rahisi kufunga, ila petroli bado inasafiri kwenye manifoldi, hivyo silinda za mbali zinaweza kupata kidogo kuliko za karibu, kama zamani. Ya pili ni injekta moja kwa kila silinda karibu na valvu. Ndiyo bora, na ndiyo yenye kazi nyingi. Ya tatu ni vipepeo vinavyofanana kwa sura na Weber za pembeni, huku injekta zikiwa zimefichwa ndani. Zinapendeza, lakini vakyumu yake ni dhaifu, kwa hiyo kompyuta inasoma zaidi pembe ya kipepeo na unahitaji mtu anayejua kuipanga.

Kuhusu kompyuta: kama hakuna mtu wa karibu mwenye uwezo wa kuikagua kwa laptopu, chagua rahisi kabisa. Na kama safari zako zinafika mahali ambapo fundi ana bisibisi na waya wa kuzibulia tu, kabureta inarudi kuwa chaguo la busara. Kabureta ikiharibika njiani, mara nyingi inakufikisha nyumbani ikikohoa. Sensa ya mizunguko ikifa, gari linasimama.

Hatua ya 7: kufunga na kuwasha mara ya kwanza

Funga tenki na paipu kwanza, kisha umeme, na kifaa chenyewe mwisho. Kitako cha kufungia sensa ya oksijeni kichomelewe kwenye eksozi, sensa ikielekea juu, walau nyuzi 10 juu ya mlalo, ili maji ya mvuke yasiituame. Hakikisha hakuna gasketi ya eksozi inayovuja mbele yake. Uvujaji mdogo unaingiza hewa ya nje, sensa inasema petroli ni pungufu, kompyuta inaongeza, na gari linanuka petroli huku kioo cha kompyuta kikionyesha kila kitu kiko sawa. Silinda inayomisi inaidanganya sensa vivyo hivyo.

Thamostati iwepo. Magari mengi ya zamani yameondolewa thamostati, na injini isiyofika joto lake huifanya kompyuta iamini kila siku ni asubuhi ya baridi. Inamwaga petroli ya kupashia injini, na haijifunzi chochote.

Washa swichi bila kuwasha injini. Pampu ilie sekunde chache na inyamaze. Rudia mara tatu huku mtu mwingine akipitisha mkono mkavu na tochi kwenye kila kiungo. Tone moja tu likionekana, acha. Baada ya hapo weka mizunguko ya sailensa, taimingi, kisha liendeshe polepole kwa mwendo wa aina zote. "Kujifunza lenyewe" kunahitaji barabara. Gari lililosimama uani likiunguruma halijifunzi kupanda mlima.

Kama umebaki na kabureta

Ifungue, iloweke, piga matundu yote kwa upepo wa kompresa, usitumie waya kwenye jeti. Weka gasketi na sindano mpya ya boya, pima kimo cha boya kwa rula kufuatana na kitabu cha gari. Kwa SU, inua pistoni na uiachie: ishuke laini na igonge chini kwa mlio wa chuma. Ongeza oili nyepesi kwenye kidumu chake cha juu.

Kwenye kabureta kama Weber, anza na skrubu ya mchanganyiko ikiwa imefunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa ya moto, ifunge taratibu hadi mlio ushuke, kisha ifungue hadi mlio uwe wa juu na laini kuliko yote, na urudishe kidogo. Zikiwa mbili, sawazisha hewa kwanza. Kipande cha mpira sikioni kinatosha kusikia ipi inavuta zaidi. Kifaa kimoja cha kisasa ninachokipendekeza hata kwa kabureta ni sensa ya oksijeni yenye geji yake. Ukiona uwiano wa 13 unapokanyaga na 14 unapotembea taratibu, huna haja ya kunusa eksozi.

Kabureta uliyoivua usiiuze wala kuitupa. Imwage petroli yote, ipulize, ipake oili nyepesi ndani, ifunge kwenye mfuko pamoja na gasketi za chini, vijiti vya pedali na pampu ya zamani. Ndani ya mfuko weka karatasi yenye namba ya kila jeti, kimo cha boya na idadi ya mizunguko ya skrubu ilivyokuwa siku uliyoiondoa.